Mjusi Mwenye Miguu ya Bata: Somo la Uainishaji kutoka Jangwa la Namib

Mjusi kafiri, ambaye usiku huwinda wadudu ukutani karibu na taa, ni mnyama anayefahamika kwa kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Nyayo zake zikichunguzwa, huonekana kwamba chini ya kila kidole mna magamba mapana yaliyopangwa kama vigae vya paa. Magamba hayo yamejaa vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyomwezesha kung'ang'ania ukuta, dari na hata kioo. Kwa muda mrefu wataalamu wa reptilia wametumia umbo la vidole hivyo kuwagawa mijusi wa jamii hii katika jenasi mbalimbali. Njia hiyo imesaidia sana. Hata hivyo, katika jangwa la Namib iliwapotosha wataalamu kwa karibu miaka mia moja.

Mnyama mwenyewe

Jangwa la Namib limeambaa kando ya bahari ya Atlantiki, kutoka kusini ya Angola, kupitia Namibia, hadi kaskazini-magharibi ya Afrika Kusini. Mvua huko pwani ni haba mno, na viumbe wengi hutegemea ukungu utokao baharini. Katika vilima vya mchanga huishi mjusi mdogo ambaye urefu wake, pamoja na mkia, ni kama sentimita 12 hivi. Ngozi yake ni laini, ya rangi ya waridi iliyofifia, na karibu ipenywe na mwanga. Macho yake ni makubwa, nayo hayana kope za kufumba. Kwa hiyo huyasafisha kwa ulimi. Mchana hujificha katika shimo alilolichimba mchangani, na usiku hutoka kutafuta wadudu. Ukungu ukimgandia usoni, huyaramba matone na kuyanywa.

Lakini la ajabu zaidi ni miguu yake. Vidole vimeunganishwa kwa utando, mfano wa miguu ya bata, na yale magamba ya kunatia hayapo.

Majina ya kwanza

Mwaka 1908 mtaalamu wa Sweden, Lars Gabriel Andersson, alieleza mjusi huyu kwa mara ya kwanza kwa kutumia kielelezo kilichohifadhiwa katika makumbusho ya Wiesbaden, Ujerumani. Alimpa jina la Palmatogecko rangei. Sehemu ya kwanza yatokana na neno la Kilatini linalohusu miguu yenye utando; ya pili ni heshima kwa Paul Range, mwanajiolojia wa Kijerumani. Kwa kuwa miguu hiyo haikufanana na ya mijusi wengine wa nchi ile, Andersson alimwundia mnyama huyu jenasi yake mwenyewe. Mwaka 1966 alielezwa mwingine wa kaskazini ya Namibia, mwenye utando mdogo zaidi. Huyu naye alipewa jenasi yake, akaitwa Kaokogecko vanzyli.

Wakati huohuo, katika miamba ya jirani waliishi mijusi wa jenasi Pachydactylus, jina la Kigiriki lenye maana ya "kidole kinene". Jenasi hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka 1834. Nani angedhani kwamba mkwea miamba mwenye vidole vinene na mchimba mchanga mwenye miguu ya bata ni ndugu?

Chanzo cha kosa

Yafaa ikumbukwe kwamba viumbe huweza kufanana, au kutofautiana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni urithi kutoka kwa mhenga mmoja. Ya pili ni namna ya maisha. Juu ya mchanga usiotulia, vinyweleo vya kunatia havina faida, kwani kila punje husogea. Kinachohitajiwa ni kuchimba. Mwaka 1990 Anthony Russell na Aaron Bauer walionyesha kwamba utando wa mjusi huyu una gegedu na misuli midogo, na kwamba kazi yake kubwa ni ya sepetu ya kuchotea mchanga. Hivyo basi miguu ilieleza mahali mnyama anapoishi, wala haikueleza ukoo wake.

Ushahidi wa ukoo ulikuwa umefichika ndani ya ngozi. Mijusi wengi wana mifupa miwili katika kidole cha kwanza. Lakini huyu wa mchangani, pamoja na wale wa vidole vinene, ana mitatu. Mwaka 2005 Bauer na Trip Lamb walilinganisha DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika chembe hai. Ilidhihirika kwamba rangei na vanzyli wote wawili wamo ndani ya ukoo wa Pachydactylus. Mwaka 2006 walionyesha pia kwamba magamba ya kunatia yamepungua au kupotea zaidi ya mara moja, katika nasaba mbalimbali. Mathalani, Chondrodactylus angulifer, ambaye pia huishi ardhini penye mchanga, ndugu zake wa karibu ni wakwezi wenye vidole vipana. Mmoja wao, Chondrodactylus turneri, amefika hadi Tanzania.

Jina jipya

Mtoto aliyehamia ugenini akabadili mavazi hatoki katika ukoo wake. Vivyo hivyo, jenasi yapaswa kujumuisha wazao wote wa mhenga mmoja. Kwa hiyo mjusi huyu sasa huandikwa Pachydactylus rangei (Andersson, 1908). Jina la spishi limebaki lilelile. Mabano yanamjulisha msomaji kwamba Andersson ndiye aliyeieleza spishi hiyo kwanza, lakini aliiweka katika jenasi nyingine.

Mabadiliko hayo si ya maneno matupu. Mtu aliyeyafuata majina ya zamani angeamini kwamba mchanga wa Namib una nasaba mbili ngeni zisizo na ndugu karibu. Majina ya sasa yaeleza historia nyingine: wahenga wakwezi waliteremka mchangani, na miguu yao ikabadilika upesi kuliko sehemu nyingine za mwili.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi rahisi. Walinganishe utando wa bata, wa chura na wa mjusi huyu, kisha wajiulize kama viumbe hao watatu wangestahili kuwekwa kundi moja. Baadaye waorodheshe sifa nyingine: ngozi, mifupa, damu, mayai. Watakaofanya hivyo wataona wenyewe kwamba sifa moja, hata ikiwa ya kushangaza namna gani, haitoshi kumtambulisha kiumbe.