Endothelini: Peptidi Ibanayo Mishipa ya Damu na Kudhuru Figo

Mtu atokaye Mchafukoge, akavuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, huukuta Mtaa wa Kongo umesongwa na bidhaa pande zote mbili. Njia ikiwa nyembamba, msukuma mkokoteni hana budi kutumia nguvu nyingi zaidi ili mzigo ule ule upite. Moyo wa binadamu nao hupatwa na hali kama hiyo mishipa ya damu inapobanwa. Tofauti ni kwamba msukuma mkokoteni hutokwa jasho na kulalamika, lakini mwenye shinikizo kubwa la damu kwa kawaida hasikii lolote.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa watu wazima wa Ilala, jirani na Kariakoo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa wanaume wapatao 37 katika kila 100, na wanawake wapatao 39, walikuwa na shinikizo la milimita 140 kwa 90 za zebaki au zaidi, au walikuwa tayari wakitumia dawa. Waliojua kuwa wana hali hiyo hawakufikia hata mmoja katika kila watano.

Ni nini basi kiibanacho mishipa? Ukuta wa ateri una tabaka la misuli laini, na upande wa ndani wa tabaka hilo mna utando mwembamba wa seli uitwao endothelia. Kwa muda mrefu utando huu ulidhaniwa kuwa ni bitana tu, mfano wa ile ya koti. Mwaka 1988 Masashi Yanagisawa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, walitangaza kuwa seli za utando huo, walizozipata katika ateri kuu ya nguruwe, hutengeneza peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, wenye asidi 21. Wakaiita endothelini. Ajabu ni kuwa inafanana sana na peptidi iliyomo katika sumu ya Atractaspis engaddensis, nyoka wa Mashariki ya Kati.

Endothelini hufanya kazi karibu na pale inapotengenezwa, kwa kushika vipokezi vya aina mbili. Kipokezi A, kilicho katika seli za misuli, huifanya misuli ijikaze kwa muda mrefu, na mshipa ukapungua upana. Mwanafunzi wa fizikia na akumbuke kanuni ya Poiseuille: kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani wa mtiririko huongezeka mara 16. Kipokezi B, kilicho katika endothelia, huzifanya seli zitoe nitriki oksidi, ambayo huilegeza misuli; na katika mirija ya figo huzuia chumvi isirudi katika damu, ili itoke pamoja na mkojo. Peptidi hiyo hiyo, basi, hubana na hulegeza, kutegemea kipokezi ilichokishika. Katika mwili wenye afya kazi hizo mbili hulingana.

Kila figo ina vichujio vidogo wastani wa milioni moja, vilivyofumwa kwa kapilari. Shinikizo kubwa likivielemea kwa miaka mingi, seli zake hujeruhika, na seli zilizojeruhika huzidi kutoa endothelini. Hapo kazi ya kipokezi A hushinda: damu ifikayo kwenye vichujio hupungua, protini huvuja na kuingia katika mkojo, na penye tishu hai hufanyika kovu. Figo yenye makovu haiwezi kutoa chumvi na maji ipasavyo. Kwa hiyo shinikizo hupanda, na kuijeruhi figo tena. Endothelini si mkosaji pekee, kwani homoni ya angiotensini hushiriki pia. Lakini yatosha kuona jinsi ugonjwa huu unavyojilisha wenyewe.

Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya aprositentani, ambayo huviziba vipokezi hivyo, kwa wagonjwa ambao shinikizo lao halitulii kwa dawa nyingine. Dawa za namna hii huweza kuufanya mwili uhifadhi maji, na hazifai kwa mjamzito, kwa kuwa zaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, isiyo mbali na Mchafukoge, ilianza kupandikiza figo Novemba 2017. Hiyo ni hatua ya mwisho. Mzunguko tulioueleza huweza kukatwa mapema zaidi, kwa kupunguza chumvi na kwa dawa za kawaida zitolewazo na daktari, ilimradi mgonjwa ajue kuwa anaumwa. Kulijua shinikizo kwahitaji ukanda ufungwao mkononi kwa dakika chache. Kuijua protini kwahitaji mkojo kidogo na kijiti cha kupimia. Mwanafunzi aliyeelewa somo hili na akamshawishi mzazi wake akapimwe, hata kama mzazi huyo asema hana maumivu yoyote, atakuwa ameitumia sayansi kama ipasavyo.