Gunia la Makaa Katikati ya Barafu

Mwanajiolojia akifika Antaktika, jicho lake hutafuta weusi. Barafu ya huko ina unene wa karibu kilomita 2 kwa wastani, na ardhi iliyo wazi haifiki hata asilimia 1 ya bara zima. Palipo na jiwe ndipo penye kazi.

Coalsack Bluff ni sehemu kama hiyo: genge (la jabali, si la nyanya) kwenye nyuzi 84 kusini, ndani ya Milima ya Transantarctic inayolikata bara hilo kwa takriban kilomita 3,500. Maana ya jina ni gunia la makaa ya mawe, kwa kuwa tabaka zake zina makaa.

Mbona theluji hailifuniki? Inayoanguka huko ni haba. Lile ni jangwa. Halafu hewa iliyopoa juu ya uwanda wa barafu huwa nzito, ikaporomoka kufuata mteremko kuelekea baharini huku ikifagia theluji iliyolegea. Jiwe jeusi nalo hunyonya jua la kiangazi, na theluji inayoligusa hupungua kidogo kidogo, nyingine ikigeuka mvuke bila kuwa maji kwanza.

Makaa hayo ni mimea iliyozikwa kwenye vinamasi, hasa Glossopteris, mti wenye majani yenye umbo la ulimi. Masalia yake yamo pia katika miamba ya makaa ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Hilo ladokeza kwamba nchi hizo ziliwahi kuungana, ila mbishi angeweza kusema mbegu zilipeperushwa na upepo.

Juu ya makaa kuna mchanga wa mito ya kale uliogeuka jiwe, wa miaka takriban milioni 250. Humo, Novemba 1969, mwanajiolojia David Elliot aliona mifupa. Edwin Colbert, bingwa wa visukuku kutoka Marekani, akatambua miongoni mwake Lystrosaurus: mnyama wa nchi kavu mwenye miguu mifupi, domo kama la kasa na meno mawili yaliyochomoza. Alikwishajulikana Afrika Kusini na India, na kwa umbile lile asingevuka bahari. Basi mabara hayo yalikuwa yameungana, nchi moja tunayoiita Gondwana.

Msomaji asidhani walikuta mifupa ya mnyama mzima. Ilikuwa vipande vilivyotawanyika, vingine vimelainishwa kingo na mto uliovizoa.