Je, Wajua? Polisi Wanapojenga Makumbusho

Je, wajua kwamba Marekani ilitunga sheria ya kuruhusu jumba la taifa la makumbusho ya polisi, halafu sheria hiyohiyo ikasema serikali haitatoa hata senti moja? Kweli kabisa! Rais Bill Clinton aliitia saini Novemba 2000, kiwanja kikapatikana katikati ya jiji la Washington, na habari ya fedha wakaachiwa wenye moyo wa kuchanga.

Unajua gharama zilifika wapi? Dola milioni 103!

Hebu kisia ilichukua muda gani. Sherehe ya kuanzisha ujenzi ilifanyika Oktoba 2010, ujenzi wenyewe ukashika kasi 2016, na milango ikafunguliwa Oktoba 2018. Mtoto aliyezaliwa siku sheria inatiwa saini alikuwa amebakiza chini ya mwezi mmoja kutimiza miaka 18!

Ukifika pale, usihangaike kutafuta ghorofa refu. Karibu jumba zima limezama chini ya ardhi, eneo la mita za mraba zipatazo 5,300, na juu utaona vibanda viwili tu vya vioo vya kuingilia. Majirani zake ni majengo ya kale ya mahakama, na hakuna aliyetaka yazibwe.

Na huko chini kuna nini? Helikopta! Si mfano, ni yenyewe, inaitwa Eagle 1. Tarehe 13 Januari 1982 ndege ya abiria iliyobeba watu 79 iligonga daraja na kutumbukia katika mto Potomac, ukiwa umejaa barafu. Rubani wa polisi aliishusha helikopta hii hadi vyuma vyake vya kutulia vikagusa maji, na mwenzake akatoka nje, akasimama juu ya chuma kimojawapo, akamnyanyua mtu kwa mikono yake. Kati ya wale 79 walinusurika 5 tu. Simama mbele ya chuma chenyewe, kitazame kilivyo chembamba!

Haya, twende Arkansas. Je, wajua kwamba sarafu zimewahi kuchangishia makumbusho? Kikosi cha U.S. Marshals, maafisa wa usalama wa serikali kuu, kilianzishwa 1789, na mji wa Fort Smith ulichaguliwa 2007 uwe na jumba la makumbusho ya kikosi hicho. Mwaka 2015 serikali ikatoa sarafu za kumbukumbu, na kila aliyenunua ile ya dhahabu alilipa dola 35 za ziada kwa ajili ya kuchangia jumba hilo.

Hazikutosha! Mwaka 2019 wakazi waliombwa wakubali kodi ya mauzo ya asilimia 1, kwa miezi michache tu. Wakapiga kura: hapana. Jengo likakamilika, likakaa bila maonyesho, na wageni wakakaribishwa Julai 2023, miaka 16 baada ya mji kuchaguliwa. Mimi nasema ilifaa wavumilie, maana Fort Smith ndiko alikofanya kazi Bass Reeves, afisa wa kikosi hicho aliyezaliwa mtumwa, na ambaye husimuliwa kuwa alikamata watuhumiwa zaidi ya 3,000. Kusoma hakujua; hati za kukamatia alisomewa, akazihifadhi kichwani!

Umechoka? Bado Las Vegas! Mji huo ulinunua jengo la serikali la mwaka 1933, lililokuwa posta na mahakama kwa pamoja, kwa dola 1. Ndiyo, moja! Leo ni makumbusho ya magenge ya uhalifu na polisi waliopambana nayo, na ndani yake yamo matofali ya ukuta wa Chicago ambapo watu 7 walipigwa risasi Siku ya Valentino 1929. Lilifunguliwa lini? Tarehe 14 Februari 2012, siku ileile!

Na meya aliyelipigania jumba hilo ni nani? Oscar Goodman, ambaye kabla ya kushika umeya alikuwa wakili aliyewatetea mahakamani vigogo wa magenge hayohayo!