Kununua kamera iliyotumika Shasha: Chaji na lenzi kabla ya megapikseli

Mpiga picha anayefanya kazi Shasha, kijiji cha Masisi kilicho kando ya Ziwa Kivu kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Minova, hununua kamera mara moja na kuitegemea kwa miaka. Kamera ikigoma Jumamosi ya harusi, maharusi hawatarudia kiapo, na fundi wa kuitazama inabidi atafutwe Goma.

Barabara ya kwenda huko nayo haina uhakika. Februari 2024 mapigano kati ya M23 na jeshi la Kongo yalifika Shasha na kukata njia ya Goma hadi Minova. Januari 2025 waasi hao waliteka Minova, Sake na hatimaye Goma kwenyewe. Benki za mji zikafunga milango, na uwanja wa ndege ukasimama. Katika hali hiyo, aliyelipa dola taslimu kwa kamera mbovu hana njia rahisi ya kuirudisha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi wa Shasha si kamera ipi inapiga picha nzuri kuliko nyingine. Ni ipi itakayoendelea kuwaka.

Ndogo, lakini si sawa

Kamera ndogo zisizo na kioo zimeondolewa kile kioo cha ndani ambacho kamera za zamani hutumia kupeleka taswira kwenye tundu la kuchungulia. Panasonic ilitoa ya kwanza, Lumix G1, mwaka 2008. Bila kioo, kamera hupungua unene na uzito, jambo linalomfaa anayesafiri kwa pikipiki na mfuko mmoja mgongoni.

Nne kati ya zinazopatikana sana zikiwa zimetumika ni Sony a6000 ya 2014, Olympus E-M10 Mark II ya 2015, Panasonic GX80 ya 2016 na Canon EOS M50 ya 2018. Hiyo GX80 iliuzwa Marekani kwa jina la GX85. Ni kamera ileile, na muuzaji asimtoze mtu zaidi kwa tofauti ya jina.

Zote nne ni nyepesi. Pamoja na betri na kadi, Sony ina gramu 344, Canon na Olympus zina gramu 390 kila moja, na Panasonic gramu 426. Sony na Canon zina megapikseli 24. Panasonic na Olympus zina 16. Kwa picha ya kuchapishwa na kutundikwa sebuleni, 16 zinatosha kabisa.

Tofauti inayoonekana ni ya kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga. Cha Sony na Canon ni kikubwa zaidi, hivyo picha za ndani ya kanisa jioni hutoka na chembechembe chache. Panasonic na Olympus hujitetea kwa namna nyingine: kihisi chao husogea kufuata mtikisiko wa mkono, kwa hiyo picha ya mtu aliyetulia hutoka safi hata mwanga ukiwa hafifu. Lakini mtu anayecheza ngoma bado atatoka na ukungu, kwa kuwa kihisi hakiwezi kumtuliza yeye.

Moto unatoka wapi?

Kwa anayechaji kwa paneli ya jua au pawabenki, hapa ndipo hesabu hubadilika. Sony a6000 na Panasonic GX80 huchajiwa betri ikiwa ndani ya kamera, kwa waya mdogo wa USB kama ule wa simu za zamani. Canon M50 na Olympus E-M10 Mark II hazina uwezo huo. Betri hutolewa na kuwekwa kwenye chaja yake. Chaja ikipotea au ikiungua, kamera nzima ni pambo mpaka ipatikane nyingine. Zipo chaja za makampuni mengine zinazotumia USB, na mnunuzi wa Canon au Olympus aiombe moja kabla ya kukubali bei.

Betri zenyewe ni ndogo. Kwa kipimo cha watengenezaji, Canon hupiga takriban picha 235 kwa chaji moja, Panasonic 290, Olympus 320 na Sony 360. Harusi ya siku nzima hupita idadi hizo. Betri ya pili si anasa. Ihesabiwe ndani ya bei.

Lenzi ya kesho

Canon imeacha kutengeneza lenzi za familia ya M50, kwa hiyo zinazobaki ni zilizotumika tu. Nafuu yake ni adapta inayoruhusu lenzi za kamera kubwa za Canon, ambazo wapiga picha wengi bado wanazo. Panasonic na Olympus hushirikiana mlango mmoja wa lenzi, hivyo ya huyu huingia kwa yule. Mlango wa Sony bado unatumika kwenye kamera mpya za kampuni hiyo.

M50 ina sifa moja ambayo wenzake hawana: tundu la maikrofoni, pamoja na skrini inayogeuka mpaka mbele. Anayerekodi mahojiano au mahubiri ana sababu ya kuvumilia chaja yake.

Dakika 15 mbele ya muuzaji

Mnunuzi aende na kadi yake ya memori, tochi, pawabenki na waya wa USB. Kwanza aifungue menyu: kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la Japani huwa na Kijapani peke yake, na kubadilisha lugha hakuwezekani kwa njia ya kawaida.

Kisha amulike tochi ndani ya lenzi. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu husambaa. Avute lenzi mbele na nyuma akisikiliza; lenzi ndogo ya Sony ya 16-50 husukumwa na mota, na mota inayokwaruza iko karibu kufa.

Afunge tundu la mwanga hadi f/16, apige anga au ukuta mweupe, kisha aikuze picha. Madoa meusi ni vumbi juu ya kihisi, na vumbi jeusi la volkano la upande wa Goma na Sake huingia kirahisi lenzi inapobadilishwa. Vumbi husafishwa, mkwaruzo hausafishwi. Apige nyingine lenzi ikiwa imefunikwa: nukta nyeupe au za rangi ni pikseli zilizoharibika.

Apige picha 20 mfululizo na kutazama kama zote zina mwanga ulio sawa. Arekodi video ya dakika 10 huku akiangalia alama ya betri. Betri inayokwama ikitolewa imevimba, asiikubali. Mwisho aunganishe pawabenki aone kama taa ya kuchaji inawaka, kwa kuwa tundu la USB ndilo huchakaa mapema.

Karatasi ya mauzo yenye namba ya kamera iandikwe hata kama muuzaji ni jirani. Njiani, ndiyo ushahidi kwamba kamera ni yake.

Kwa picha za harusi na ubatizo, Sony a6000 ndiyo yenye hoja nyingi upande wake. GX80 inaifuata kwa karibu. M50 ni ya video. Olympus ni kamera nzuri, mradi ije na chaja na betri mbili zinazofanya kazi. Na kati ya mbili zinazolingana bei, bora ile ya zamani iliyopita majaribio yote kuliko mpya zaidi ambayo muuzaji hataki ijaribiwe.