Krismasi Marangu, Mwaka Mpya Muheza, homa Katy

Wodini kwetu orodha ya likizo za Desemba hufunguliwa mwezi wa tatu, na wenye miaka mingi kazini ndio wanaochagua kwanza. Wagonjwa hawana Krismasi, kwa hiyo na sisi manesi hatuna. Nilingoja miaka minne mpaka jina langu likapata wiki tatu zilizobeba Krismasi na Mwaka Mpya kwa pamoja. Ilikuwa Desemba 2023.

Miaka ambayo sikupata, mimi na mume wangu tulifanya safari ambayo wengi wa Katy mnaijua. Unaingia I-10 kuelekea Houston, unashika I-45 kwenda kaskazini, na pale Huntsville sanamu nyeupe ya Sam Houston inakuchungulia juu ya miti. Ukisimama mara mbili kujaza mafuta na kunywa kahawa, masaa matano hivi uko kwa shemeji Dallas. Kuna pilau, kuna kachumbari, watoto wanaongea Kiingereza na wazee kwenye simu wanauliza mbona hatusikii sauti zao. Ni safari nzuri, siisemi vibaya. Lakini ukirudi Katy siku mbili baadaye, bado hujaenda nyumbani.

Basi mwaka ule tukaenda. Tulipita Istanbul, tukashuka KIA usiku, na asubuhi nilikuwa Marangu kwa wazazi wangu. Msomaji asiyetoka Kilimanjaro labda ameusikia utani kwamba Wachaga mwezi wa kumi na mbili wanakwenda kuhesabiwa. Ni kweli kabisa. Magari ya kutoka Dar yanajaa, nauli ni mjadala kila mwaka, na kihamba kizima kinakuwa na moshi wa majiko. Mbuzi alichinjwa, mtori ulipikwa, na mbege ilikuwepo kwa wanaotumia. Baba alituhesabu kweli, kwa kidole, alipofika kwa mume wangu akacheka akasema huyu wa Tanga tumpe namba ya wageni. Shangazi mmoja aliuliza kuhusu mtoto. Kila safari kuna shangazi mmoja.

Baada ya Krismasi tukateremka kwa wakwe zangu Muheza. Himo, Same, Mombo, Korogwe, Segera, halafu unakata kushoto na joto linakupokea kama taulo lenye maji ya moto. Mume wangu alikuwa hajalala nyumba ya mama yake kwa miaka kumi na moja. Kila jioni alikaa barazani na wenzake wa utotoni mpaka saa sita, saa saba za usiku, suruali imekunjwa, miguu peku. Ndani kulikuwa na chandarua. Nje kulikuwa na stori.

Hapa ndipo naona aibu kuandika. Mimi ni nesi. Nilisoma diploma ya uuguzi nyumbani kabla ya kuja kuchukua digrii hapa Texas, na somo la malaria nililijua kama Baba Yetu. Lakini vidonge vya kinga sikununua. Nilijiambia vile ni vya watalii, vya Wazungu wanaopanda mlima. Sisi tumekulia kule, tumeumwa malaria tangu tukiwa mgongoni, mwili unaijua. Nilisahau nusu ya pili ya somo, kwamba kinga ile ya mtu aliyekulia penye malaria ni ya kiasi tu, tena inabaki kwa sababu unaendelea kuumwa na mbu. Ukikaa ughaibuni miaka, inapungua. Mume wangu alirudi Muheza na kumbukumbu zote za Muheza, ila damu yake ilikuwa ya Katy.

Tulitua Houston tarehe 5 Januari 2024. Jumamosi ya tarehe 13 akaanza kutetemeka.

Wiki hiyo baridi kali ilikuwa inaingia Texas. Wote tuliokuwepo Februari 2021, umeme ulipokatika siku nyingi na watu wakafa majumbani, tuna hofu ya baridi, kwa hiyo kila mtu alikuwa anafunga mabomba ya nje kwa matambara na kununua maji. Wodini kwetu nusu ya wafanyakazi walikuwa na mafua. Mtu akitetemeka katikati ya Januari, nani atafikiria mbu? Jumapili nilimpeleka kwenye kliniki moja ya jirani. Wakampima homa ya mafua, hana. Wakampima Uviko, hana. Wakasema ni kirusi kingine, anywe maji, apumzike, ameze dawa ya kushusha homa. Hakuna aliyeuliza kama amesafiri. Na mimi nimesimama pale pembeni na koti langu, sikusema.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Nilipokuwa mwanafunzi, kosa tulilokuwa tunaonywa nalo lilikuwa kuita kila homa malaria bila kupima. Huku nimefanya kosa lile lile kwa kuligeuza, kila homa ya Januari nimeiita mafua.

Jumatatu usiku alianza kuongea na marehemu babu yake. Mkojo ulikuwa mweusi kama kokakola. Hapo akili ikanirudi yote kwa mkupuo. Nje kulikuwa chini ya sifuri na redio ilikuwa inaonya kuhusu barafu kwenye madaraja, nikaendesha polepole I-10, taa za hatari zinawaka, namwita jina lake ili asilale. Mapokezi ya dharura sikusema "ana homa". Nilisema, "Ametoka Tanzania siku kumi zilizopita. Naomba apimwe malaria sasa hivi." Saa moja na nusu baadaye daktari kijana alikuja na uso uliobadilika. Falciparum, tena kali.

Alipewa artesunate ya kwenye mshipa, dawa ambayo Marekani iliidhinisha rasmi Mei 2020 tu. Siku ya pili alinitambua. Alipomaliza sindano akaandikiwa vidonge, na nilipoona jina nikacheka peke yangu kwenye korido: Coartem, yaani mseto ule ule ambao kwetu unaupata zahanati yoyote. Maduka mawili ya dawa hapa Katy hayakuwa nao. La tatu lilikuwa nao.

Nataka mjue kwamba hatukuwa ajabu. Marekani hupata wagonjwa wa malaria kama 2,000 kwa mwaka, karibu wote wameitoa safarini, na kundi kubwa kuliko yote ni watu kama sisi, waliokwenda kuona ndugu. Mtalii anapanda ndege na vidonge mfukoni, sisi tunapanda na zawadi. Nchi hii ilihesabiwa kuwa imeimaliza malaria mwaka 1951, na hata CDC yenyewe ilianzishwa Atlanta mwaka 1946 kwa ajili ya kupambana na malaria ya majimbo haya ya kusini. Lakini daktari wa leo wa Texas anaweza kufanya kazi miaka mingi asimwone mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo mwambie wewe. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, na hata ndani ya mwaka, sentensi ya kwanza mdomoni iwe nchi uliyotoka na tarehe uliyotoka. Usingoje kuulizwa.

Vidonge vya kinga viko vya aina kadhaa na daktari wako ndiye atakayekuchagulia, hasa ukiwa mjamzito au una watoto. Vile vyenye atovaquone na proguanil unaanza siku moja au mbili kabla ya safari, unameza kila siku ukiwa kule, na unaendelea siku saba baada ya kurudi. Doxycycline mara nyingi ni rahisi zaidi mfukoni, lakini unaendelea nayo wiki nne ukisharudi, na wengi huiacha njiani. Weka miadi mwezi mmoja kabla, usifanye kama wanaokuja kuniuliza wakiwa tayari wamefunga mabegi.

Desemba 2024 sikupata likizo, tukaenda Dallas. Januari iliyofuata theluji ikaanguka Houston, tarehe 21, viwanja vya ndege vikafungwa, na mume wangu akatoka nje na ndala kupiga picha za kumtumia mama yake. Mama yake mpaka wakati huo alikuwa hajui chochote kuhusu ule ugonjwa. Tulikuwa tumemficha.

Tulikwenda tena Desemba 2025. Siku ya kwanza Muheza, wakati wa chai, nikatoa vidonge viwili nikaviweka mezani, kimoja changu, kimoja cha mume wangu. Mama mkwe akaviangalia.

"Mwanangu, vya nini hivyo?"

Nikamwambia ni vya malaria. Akanyamaza, akapanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Halafu akamgeukia mwanawe. "Baba, nyumba niliyokuzalia siku hizi mnaiogopa?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mume wangu aliweka kikombe chini akamweleza yote: Katy, babu yake, mkojo, sindano. Mama alisikiliza hadi mwisho na hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini hakuambiwa. Hatukuwa na jibu.

Asubuhi ya pili nilipoamka, vidonge viwili vilikuwa kwenye kisosi, pembeni ya mihogo ya nazi. Kopo alikuwa amelichukua chumbani kwetu. Alikuwa amekaa nalo mapajani, anahesabu vilivyobaki, na aliponiona akaniambia vidonge hivi havimezwi na tumbo tupu, nimwamshe mwenzangu aje ale kwanza.