Utangulizi: Kufunga Kizazi Bila Kisu

Huenda wewe ni mwanafunzi wa uuguzi au utabibu, umekutana na mada hii katikati ya muhula ukadhani ni kijisehemu tu cha uzazi wa mpango. Uwanja huu ni mdogo kweli, lakini umebeba mengi kuliko ukubwa wake. Swali lake ni jepesi kulitamka: mwanamke aliyekwisha kupata watoto anaowataka, na akaamua kwa hiari yake kwamba basi, anaweza kufungwa kizazi moja kwa moja bila kupasuliwa?

Wataalamu wamelihangaikia tangu 1849, pale Mjerumani Robert Froriep alipopendekeza kupitisha naitreti ya fedha kwenye mlango wa kizazi hadi penye vinywa vya mirija, ili iunguze na kuacha kovu. Dawa zimebadilika, wazo limebaki lile lile. Mirija ya uzazi huingia kwenye mji wa mimba katika pembe zake mbili za juu, na hapo tundu la mrija ni jembamba mno, yapata milimita 1 au chini yake. Mpasuaji huufikia mrija kwa nje, kupitia tumboni. Anayetaka kuepuka kisu huufikia kwa ndani, kwa njia ile ile anayopitia muuguzi anapoweka kitanzi. Ila mwili hauzibi tundu kwa kuombwa. Sharti uumizwe kidogo, ndipo upone kwa kovu. Jeraha likiwa dogo kupita kiasi mrija unabaki wazi, na likizidi linaharibu yasiyohusika. Mengi utakayosoma katika uwanja huu ni mvutano kati ya pande hizo mbili.

Lazima niseme, kabla hujauchukia upasuaji, kwamba wenyewe si jambo la kutisha. Katika hospitali zetu mama hupigwa ganzi, huchanjwa chale ya sentimita chache, mirija hufungwa na kukatwa, na mara nyingi jioni analala kwake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1996 uliwafuatilia wanawake 10,685 na kukuta kwamba katika kila 1,000, takriban 18 au 19 walishika mimba ndani ya miaka 10. Hicho ndicho kipimo ambacho njia yoyote mpya lazima ikifikie. Ugumu wa upasuaji uko kwingine: unahitaji chumba, vifaa vilivyotakaswa na mtu aliyefunzwa kushika kisu, na vyote vitatu ni adimu mbali na mjini. Tena wapo wanaokiogopa kisu chenyewe, na hofu yao si ya kubezwa.

Jaribio lililofika mbali zaidi vijijini lilitumia dawa ambayo wazee wetu waliijua. Kwinakrini, au mepakrini, ilikuwa kinga ya malaria katika Vita vya Pili vya Dunia. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma waliimeza kwa amri, na ngozi za watumiaji zikageuka manjano. Daktari Jaime Zipper wa Chile ndiye aliyeona kwamba dawa hiyo ikiwekwa ndani ya mji wa mimba huwasha vinywa vya mirija na kuacha kovu. Utaratibu uliokubalika baadaye ulikuwa rahisi mno: vidonge vidogo 7 vinatiwa kwenye kirija cha plastiki cha kuwekea kitanzi, vinasukumwa hadi juu ya mji wa mimba, na baada ya mwezi mmoja zoezi linarudiwa. Hakuna ganzi wala mshono.

Vietnam iliupokea kwa mikono miwili. Mwaka 1993 jarida la The Lancet lilichapisha taarifa ya wanawake 31,781 waliowekewa vidonge hivyo, na wafadhili wakaona mlango umefunguka. Haukukaa wazi. Mwaka huo huo Vietnam ilisimamisha kazi hiyo, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likataka watu wasijaribiwe tena mpaka sumu ya dawa ipimwe kwanza kwa wanyama. Yakatoka malalamiko kwamba baadhi ya wanawake hawakuelezwa walichowekewa. India, ambako vidonge vilikuwa mikononi mwa madaktari binafsi, ilivipiga marufuku 1998. Panya waliopewa vipimo vikubwa walipata uvimbe wa saratani. Na waliowafuatilia wanawake wa Vietnam walikuta kwamba, hata kwa waliowekewa mara mbili, zaidi ya 1 kati ya 10 alipata mimba ndani ya miaka 10. Kwa hesabu hiyo peke yake, bila hata kugusa saratani, njia ilikuwa imeshindwa na chale ndogo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, wanaosimulia kisa hiki kama habari ya dawa mbaya. Mimi naona kosa liko ndani ya sifa iliyowavutia wafadhili, yaani wepesi. Chumba cha upasuaji kinachelewesha, kweli, lakini kinaleta mashahidi: fomu ya kutia saini, daftari, muuguzi wa pili, jalada linalobaki kabatini. Kidonge kinachoweza kuwekwa na mtu mmoja kwa dakika chache hakiachi hata kimoja kati ya hivyo. Wepesi uliokusudiwa kumfikia mwanamke wa kijijini ndio uliomwondolea ulinzi.

Utaniambia hayo ni ya nchi maskini. Basi tazama Essure. Ilikuwa koili ya nikeli na titaniamu yenye nyuzi za plastiki ndani, urefu wa sentimita 4, ikipitishwa kwa kamera nyembamba hadi kinywani mwa mrija. Daktari alihesabu mizunguko iliyobaki ikichungulia ndani ya mji wa mimba, na akiona kati ya 3 na 8 alijua imekaa sawa. Nyuzi zilivuta kovu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliipitisha 2002, na kampuni ya Bayer ikamnunua mtengenezaji 2013. Wanawake walilalamikia maumivu ya nyonga, kutoka damu na koili zilizotoboa au kuhama. Walikutana kwa maelfu kwenye Facebook, wakapiga kelele mpaka mamlaka ikawaita wataalamu kikaoni 2015. Ulaya koili hiyo iliondolewa sokoni 2017, Marekani mauzo yakakoma mwishoni mwa 2018, na 2020 Bayer ikakubali kulipa takriban dola bilioni 1.6 kumaliza madai mengi. Kuitoa, kumbuka, kulihitaji upasuaji, mara nyingine hata kuondoa mji wa mimba wote.

Pamoja na hayo utafiti haujalala. Huko Oregon, Marekani, watafiti wamejaribu kwa nyani povu la polidokano, dawa inayotumika kutibu mishipa iliyovimba miguuni. Kampuni ya Femasys inajaribu FemBloc, kimiminika kinachoganda ndani ya mirija kisha kuyeyuka na kuacha kovu. Wakati huohuo vipandikizi vinakaa miaka kadhaa na kitanzi cha shaba hadi miaka 12, vyote vikitolewa mtu akibadili nia, na ndiyo maana njia mpya ya kudumu ina wapinzani wagumu kuliko kisu.

Ukisoma ripoti za njia hizi, usiishie kwenye asilimia za ukurasa wa kwanza. Tafuta kipimo cha uthibitisho. Essure ilitaka mwanamke arudi baada ya miezi 3 apigwe eksirei yenye dawa kuhakikisha mirija imeziba, akitumia kinga nyingine hadi siku hiyo, na wengi hawakurudi. Njia yoyote inayosubiri kovu itadai ziara kama hiyo. Kwa mama ambaye zahanati yake haina mashine ya kipimo, ziara hiyo ni nauli ya pili kwenda hospitali ya wilaya, na nauli hiyo iingizwe kwenye bei ya njia tangu mwanzo.