Kioo au Vitufe: Tuchague Mlango Utakaomfaa Mama

Katika nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, tulikolelewa, mlango ulilindwa kwa komeo, kwa baraza isiyokosa watu, na kwa neno moja tu: hodi. Leo watoto wa pwani wametawanyika bara kwa ndoa, kazi na biashara. Sisi tunaishi Meru, na dada yetu ameolewa Embu. Huku hakuna baraza. Kila nyumba imejifungia ndani ya ua wake, na wenye uwezo hutia kengele ya wezi inayozimwa kwa namba ya siri. Fundi akija kuifunga, huuliza: mwataka kidude cha kugusa kioo, au cha kubonyeza vitufe?

Swali hilo tulilidhani ni la urembo. Tukachagua kioo, kwa kuwa kilipendeza ukutani na kiling'aa kama simu mpya. Aliyelipia uchaguzi wetu ni mama yetu mzazi.

Mama alikuja kukaa nasi mwezi wa Julai. Anayeijua Meru anajua Julai yake: ukungu huteremka kutoka Mlima Kenya, manyunyu hayakatiki, na mtu wa pwani huvaa sweta juu ya sweta. Siku moja alitoka peke yake kwenda kwa jirani, akarudi mvua ikinyesha, nasi hatupo. Mtambo wetu ulimpa anayefungua mlango wa jikoni sekunde 30 za kuandika namba kabla king'ora hakijalia. Mama aligusa kioo akiwa amevaa glovu za sufu, kioo hakikuitika. Akazivua, akagusa kwa vidole vilivyolowa. Akitaka 4, kioo kikaandika 7. Sekunde zikaisha.

Majirani walikuja mbio, wengine na mapanga mkononi, wakamkuta mwanamke mzima amesimama katikati ya jikoni, buibui limerowa, mtandio umemwanguka mabegani, anatetemeka. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimpa pole na kumtuliza. Lakini kuanzia siku ile hakutoka tena sisi tusipokuwapo. Darsa ya wanawake ya Alhamisi, aliyokwisha kuizoea, akaiacha. Jioni moja akatuambia kwa upole, "Wanangu, nirudisheni Mombasa. Nyumba hii hainijui."

Maneno yale yalituondolea usingizi. Tulikuwa tumenunua kitu cha kuwazuia wezi, nacho kikamzuia mama.

Tulipouliza mafundi, tukaelewa yaliyotokea. Vioo vingi vya siku hizi havihisi nguvu ya kidole, bali mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na mwili wa mtu ukikikaribia kioo. Sufu huutenga mwili na kioo, ndiyo maana glovu za kawaida hazisikiki. Maji nayo hupitisha umeme, hivyo matone juu ya kioo huweza kukichanganya kisijue kidole kiko wapi. Dada zetu wanaovaa glovu pamoja na niqabu wameshayaona hayo kwenye simu zao. Tofauti ni kwamba simu ikikataa, hakuna king'ora kinachopiga kelele.

Kitufe kina hekima yake ya zamani. Kidole hukisikia kinazama, na mtu hujua amekwisha kubonyeza. Juu ya 5, katika vidude vingi, kuna kijinundu kidogo; anayekipata kwa ncha ya kidole anajua namba nyingine zote zilipo, hata gizani, hata kama macho yamepungua nguvu. Kwa mwenye glovu au mikono iliyolowa, vitufe havibagui.

Jambo hili si la wazee peke yao. Tarehe 21 Agosti 2017, manowari ya Marekani iitwayo USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Sababu zilikuwa kadhaa, mafunzo haba yakiwamo, lakini wachunguzi waliutia dosarini pia mfumo wa kuongozea meli kwa vioo vya kugusa. Mwaka 2019 jeshi hilo la majini likatangaza kuwa litarudisha vishikio vya kushika kwa mkono vya kuongeza na kupunguza mwendo wa meli. Ikiwa mabaharia waliofunzwa walitatizwa na kioo wakati wa hatari, mama yetu hakuwa na lawama.

Hata hivyo, tusikimbilie kuvisifu vitufe kupita kiasi. Tulishika njia ya Chuka na Runyenjes kwenda Embu kumzuru dada yetu, ambaye kidude chake ni cha vitufe na kina miaka mingi ukutani. Mwanawe, mtoto wa darasa la tatu, akatuchekesha kisha akatutisha. Alikuwa hajaambiwa namba ya siri, lakini alitazama akaona vitufe vinne vimefutika maandishi, na vingine vyote vingali vipya. Akajaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine mpaka mtambo ukazimika.

Tukafanya hesabu naye. Namba ya siri yenye tarakimu nne ina mipangilio 10,000. Lakini mtu akishajua tarakimu nne zinazotumika, kila moja mara moja, mipangilio inayobaki ni 24 tu. Mtoto huimaliza kabla chai haijachemka, na mwizi hali kadhalika, hasa pale ambapo kidude ni cha zamani na hakijifungi baada ya majaribio yaliyokosea. Kioo nacho huacha alama za vidole, zaidi katika nyumba ambayo mtu hutoka kukanda chapati akaenda mlangoni na mafuta mkononi. Lakini kioo hufutwa kwa kitambaa, na baadhi yake huchanganya namba zisikae mahali pamoja kila siku. Aidha, kioo huweza kuandika kwa herufi kubwa kwamba dirisha fulani li wazi, jambo ambalo vitufe na taa zake ndogo hushindwa kulieleza vizuri.

Kuna pia suala la umeme. Mabwawa ya Mto Tana, Gitaru na Kiambere yakiwamo, yako jirani na Embu, na mto huohuo huteremka hadi kwetu pwani ukaingia baharini Kipini. Lakini kuwa jirani na bwawa si kinga ya giza. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zililala bila taa. Saa kama hizo mtambo huishi kwa betri yake. Betri iliyo ya kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Mtambo wote ukila ampea 0.35, hesabu inatupa saa 20. Ukila ampea 0.7, saa 10 tu, na betri kuukuu haifiki hapo. Kioo kikubwa kinachowaka muda wote hula zaidi ya vitufe. Basi anayetaka kioo na akubali pia kununua betri ya kutosha na kuibadilisha ikichoka.

Baada ya safari ile tulimwita fundi mwingine. Alitueleza jambo ambalo laiti tungeliuliza mwanzo: mitambo mingi hukubali vidude viwili au zaidi. Kioo chetu akakihamishia sebuleni, pakavu, tunapokitumia usiku kukagua milango yote kabla ya kulala. Mlangoni mwa jikoni akaweka vitufe. Muda wa kuingia akauongeza kutoka sekunde 30 hadi 60.

Kutokana na hayo, tunawausia wenzetu mambo machache. Kabla ya kununua, mchukueni aliye dhaifu kuliko wote nyumbani, awe bibi au mtoto, ajaribu kidude kwa mikono iliyolowa, na taa zikiwa zimezimwa. Akikiweza yeye, wote watakiweza. Namba ya siri ibadilishwe kila baada ya miezi michache, isiwe mwaka wa kuzaliwa wala wa ndoa, na tarakimu zake zibadilike pia, ili vitufe vichakae kwa usawa. Msaidizi wa nyumbani apewe namba yake mwenyewe, ifutwe siku anapoondoka. Hiyo ni amana kwake na kwenu, kwani likitokea la kutokea hatashukiwa bure. Muulizeni fundi kama mtambo una namba ya dharura, ile inayozima king'ora lakini ikatuma habari kimyakimya pale mtu anapolazimishwa. Na kwa kuwa sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti kampuni binafsi za ulinzi iliunda mamlaka ya kuzisajili, ni haki yenu kuomba kuona cheti cha usajili cha kampuni mtakayoipa siri ya nyumba yenu.

Juu ya yote, msiache kujuana na majirani. Wale waliokuja na mapanga siku ile walimtisha mama, lakini walikuja. Dini yetu imetufunza kumfunga ngamia na kisha kutawakali, na jirani mwema ni sehemu ya kamba hiyo.

Mama alijifunza vitufe kwa siku mbili. Tulimwona akifumba macho, kidole kikitafuta kijinundu cha 5, kisha kikienda juu na chini kama anayehesabu tasbihi. Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha tena. Tulirudi magharibi ikikaribia, tukaona taa ya jikoni inawaka, na king'ora kimya. Mama alikuwa ametoka darsani zamani. Birika lilikuwa mekoni, na chai ya tangawizi ilikuwa tayari.

"Mmechelewa," akatuambia. Habari ya kurudi Mombasa hakuitaja tena.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zenu na waliomo. Amin.